Tundu Halihami

Mlandege, Iringa
3 Juni 1974

Kwa mke wangu mdogo Bibie,

Pokea salamu za mumeo mzee, na za mke mwenzio, bibi yako Siwema, ambaye amesimama hapa begani akinihimiza niandike kwamba kifua chake kimepona, na kwamba majani ya chai uliyomletea amewagawia majirani mpaka yeye mwenyewe amebaki anakunywa maji ya moto. Sisi ni wazima. Baridi imeingia, asubuhi vyuma vya karakana havishikiki bila kitambaa. Mbuzi amezaa mapacha. Unga wa dukani siku hizi ni huu wa njano, watu wanauita wa Yanga, na mimi niliye Simba damu naula nikiwa nimefumba macho.

Ama baada ya salamu, nina jambo. Idd hii, Mungu akitufikisha, watoto wa Mlandege watapanda pembea. Sisemi kamba iliyofungwa kwenye tawi. Nasema pembea ya kweli, yenye kiti kirefu cha kukalisha watoto wanane, kama walizokuwa wakitujengea Bagamoyo nilipokuwa mdogo. Zile zilikuwa za mbao. Mjukuu wa seremala amekuwa fundi chuma, basi yangu itakuwa ya chuma. Nguzo nimeshapata, mikalitusi minene kutoka Kihesa. Kiti kitaning'inia kwenye vyuma bapa viwili vya upana wa inchi mbili, kimoja kila upande. Na juu ya vyuma hivyo, Bibie, nitapiga njumu za shaba, misumari ya urembo yenye vichwa vinene, nne kila mstari, toka juu mpaka chini, kama zilizokuwa kwenye mlango wa nyumba ya baba yangu. Hapa ukimtajia mtu njumu anafikiri viatu vya mpira. Sasa wataziona zenyewe.

Nimeshatangaza msikitini, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma.

Wewe uko chumba cha michoro huko Mbeya, una rula ndefu na wino mweusi. Nichoree pembea yangu vizuri, nibandike mchoro ukutani, wanaopita waone kazi ina mwenyewe. Na Idd uje. Sikukuu bila mke mdogo ni pilau bila bizari.

Mumeo asiye na mpinzani,
Bushiri


Mbeya
17 Juni 1974

Babu yangu, mume wangu mwenye wivu,

Shikamoo. Bibi naye shikamoo, na mwambie majani mengine anayo Mihayo dereva wa basi, ila safari hii ayafiche. Nimefurahi kusikia habari za mapacha. Mimi mzima, ingawa nalala na soksi na sweta. Huku ukipumua unaona pumzi yako. Kazini bado nanakili michoro ya wenzangu. Mzee Andendekisye, mkuu wa chumba chetu, husema mkono wangu umetulia sana, halafu ananituma chai. Hesabu nimezisoma darasani miaka miwili, lakini hapa hajatokea mtu wa kuniuliza hata moja.

Mchoro wako nimeuanza jana. Nguzo zimekaa vizuri, kiti kinapendeza, hata watoto nimewachora wanane, mmoja analia. Nikafika kwenye chuma cha kuning'iniza, nikaanza kupanga njumu kwa kipimo, na hapo kalamu ikasita.

Babu, kila njumu inataka tundu. Na tundu halihesabiwi kwa upana wake tu. Keekee inapopita, au chuma kinapopigwa kitoboke, pembeni ya tundu panaumia pia, kwa hiyo tulifundishwa kulihesabu kubwa kidogo kuliko lilivyo. Kwa njumu zako, kila tundu linakaribia nusu inchi. Ziko nne mstari mmoja. Toa kwenye inchi mbili uone kinachobaki. Mimi nimepata robo inchi.

Yaani dukani umenunua chuma cha inchi mbili, lakini kwenye mstari wa njumu watoto wataning'inia kwenye chuma cha robo inchi.

Kama huniamini, tazama stempu niliyobandika kwenye bahasha. Karani wa posta hakutumia mkasi. Ameichana kwa vidole, ikamtii kwenye mstari wa matundu, wala haijawahi kumchanikia pengine. Kinachovutwa huachia pale palipobaki padogo.

Niambie hujatoboa.

Mkeo mdogo,
Bibie


Mlandege, Iringa
8 Julai 1974

Mke wangu mdogo, mwalimu wa stempu,

Salamu zako zimefika na majani yamefika. Bibi yako ameyaficha vizuri mpaka sasa hakumbuki yako wapi. Wale wana-mbuzi mmoja tumempa jina la Bibie, kwa sababu anapiga kelele kabla hajaguswa. Mvua hakuna, mboga zinatoka bondeni, tunashukuru.

Nimeshatoboa.

Sasa nisikilize na mimi. Nimeshika nyundo kabla mama yako hajazaliwa, na sijaona chuma kikichanika kama stempu. Hesabu zako zina kasoro moja kubwa: unahesabu tundu kama kwamba liko wazi. Haliko wazi! Njumu imo ndani, imebana, huwezi kupitisha hata uzi. Ndoo iliyotoboka ukiiziba haivuji, na sufuria ikizibwa inapika wali. Tundu lililozibwa si tundu tena. Huko darasani hawakukwambia?

Hata hivyo mimi ni mtu wa kusikia. Kwa ajili ya mapenzi yangu kwako nimezihamisha njumu mbili katika kila mstari, nikazipandisha juu kidogo, zisikae nne pamoja. Yale matundu ya mwanzo nimeyaziba kwa shaba na kuyapiga msasa, huyaoni hata ukitafuta kwa taa. Sasa zimekaa mbilimbili, na nakwambia zimependeza kuliko mwanzo. Kwa hiyo umeshinda nusu, na mimi nusu, na nyumba ina amani.

Watoto wanapita karakana kila wakitoka chuo cha Kurani, wanauliza Idd imebaki siku ngapi. Nawaambia wamuulize mwezi. Lete mchoro.

Mumeo, fundi,
Bushiri


Mbeya
29 Julai 1974

Babu,

Shikamoo. Nimecheka habari za mbuzi, nikawasomea wenzangu ofisini, sasa na wao wananiita mbuzi. Nimepata chumba kingine karibu na kazini, madirisha yanafunga, mwenye nyumba ni mama mmoja wa Kinyakyusa anayenilisha ndizi kama kwamba ninapelekwa mnadani. Mwambie Bibi asiwe na wasiwasi na wembamba wangu.

Sasa tusitaniane kidogo.

Tundu halihami, Babu. Ukiihamisha njumu, inakwenda njumu peke yake. Tundu linabaki palepale ulipolitoboa, na sasa juu yake umeongeza jingine. Vyuma vyako havina matundu mbilimbili. Vina manne yaleyale kwenye mstari wa zamani, na mawili mapya kando.

Na kuziba: ndoo na sufuria zinaombwa zisivuje. Kizibo kinatosha kwa kazi hiyo. Vyuma vyako vinaombwa visikatike, na hiyo ni kazi nyingine. Kama ungekuwa unakikandamiza chuma, kama nguzo inavyokandamizwa na paa, ningesema sawa, njumu iliyobana inasaidia kubeba, kwa sababu inasukumwa pande zote. Lakini kiti kinavuta. Mchukue Bibi shahidi. Kanga ikitoboka, ukaweka kiraka juu ya tundu bila kukishona, kisha watu wawili wakaivuta huku na huku, kiraka kitasaidia nini? Kitaanguka chini kizima, na kanga itachanika. Njumu yako haijashonwa na chuma. Imekaa tu, kama mgeni.

Hata ungeanza na chuma kipya, ukazipanga mshazari, ningekuuliza bado. Ufa haulazimiki kukata moja kwa moja. Unaweza kwenda kombo kutoka tundu hili mpaka lile, kama mbuzi anavyokata njia shambani, kwa hiyo lazima uhesabu njia zote na kuamini ile iliyo dhaifu.

Nakuambia ukweli wangu wote: hesabu hizi sijamwonyesha mtu hapa. Naogopa Mzee Andendekisye atacheka. Lakini nimezirudia mpaka karatasi imechoka. Kama vyuma hivyo ndivyo vitakavyobeba watoto, Idd sitakuja. Sitasimama pale nikishangilia huku nahesabu matundu.

Mchoro huu hapa. Vyuma nimevichora vitupu, bila njumu. Penye bolti za juu na chini nimezipanga moja nyuma ya nyingine, kufuata urefu wa chuma, zisikae ubavu kwa ubavu, ili kila mstari upoteze tundu moja tu.

Nakupenda, ndiyo maana nimekasirika.

Bibie


Mbeya
9 Septemba 1974

Babu na Bibi yangu,

Shikamooni. Natumaini hamjambo, maana tangu Julai sijapata hata mstari mmoja. Mimi mzima. Ramadhani inakaribia, mwenye nyumba ameahidi kuniamsha daku ingawa yeye Mlutheri, anasema atapata na yeye sababu ya kula.

Mihayo alipita Ijumaa. Nilimuuliza habari zenu, akasema wazima wote. Nilimuuliza habari za pembea, akajifanya anakagua tairi. Nilipombana akasema imeshasimama uwanjani karibu na soko, imepakwa rangi ya kijani, inang'aa, na watoto wanaizunguka kutwa kama nzi. Nikamuuliza kama ina njumu. Akasema, “Dada, mie dereva, sikuangalia.” Mihayo anayeona ngiri gizani! Kisha akasema, “Mzee siku hizi ananipita bila salamu. Umemwandikia nini?”

Babu, kama nimekuvunjia heshima nisamehe, lakini hesabu siwezi kuziomba radhi. Niandikie hata kunitukana.

Wako,
Bibie


SIMU
KUTOKA MBEYA, 4 OKTOBA 1974
KWA BUSHIRI FUNDI MLANDEGE IRINGA
BABU JIBU. WATOTO WASIPANDE. MATUNDU BADO NI MANNE. BIBIE


SIMU
KUTOKA IRINGA, 5 OKTOBA 1974
KWA BIBIE CHUMBA CHA MICHORO MBEYA
NJUMU ZIKO MLANGONI. NJOO. BUSHIRI


Mlandege, Iringa
6 Oktoba 1974

Kwa mke wangu mdogo, mpiga simu,

Salamu, na Ramadhani karimu. Swaumu inakwenda vizuri, ila bibi yako anasema nikifunga nakuwa mkali, na nisipofunga pia. Mbuzi Bibie amekula nusu ya mkeka wa jirani.

Ujue simu yako karani wa posta aliisoma kwa sauti, na hapo dirishani palikuwa na watu. Sasa mtaa mzima unajua kuna matundu manne, ila hawajui ya nini. Fundi cherehani ameniuliza kama ni meno yangu.

Habari za njumu ni kama nilivyosema. Nimezing'oa zote na kuzipiga kwenye mlango wa nyumba. Sababu ni wezi. Shaba ikikaa nje uwanjani usiku itatembea, na mimi siwezi kulala na pembea. Tena bibi yako siku nyingi alitaka mlango wa kipwani. Vyuma vile vya zamani nimeviweka kando, nimetia vipya, vitupu, vibaya kama mpini wa chepe. Na bolti nimezipanga kama ulivyochora, kwa sababu mchoro wenyewe unapendeza. Usije ukadhani ni kwa sababu nyingine.

Sasa kuna jambo moja. Kwetu aliyejenga pembea humpandisha kwanza mtu wa nyumbani kwake, mbele ya watu wote, ndipo watoto wa wenzake wapande. Fundi chuma ni mimi, lakini hesabu ni zako. Kwa hiyo mtu wa kwanza ni wewe. Bibi yako amesema atakaa nawe, na kama ni kufa basi mfe wake wenza wawili mniache nipumue. Ukikataa, nitajua kwamba hesabu zako ni za kutishia wazee.

Mihayo amekuwekea kiti cha mbele.

Mumeo,
Bushiri


Mbeya
28 Oktoba 1974

Babu yangu, mume wangu,

Shikamoo, na Bibi shikamoo. Nimefika salama. Mihayo alinishusha mlangoni kabisa na kapu la vileja, nusu yake nimempa mwenye nyumba, ambaye sasa anauliza Idd nyingine ni lini. Ahsanteni kwa sikukuu. Bado nanuka udi, na ofisini wanavuta pua nikipita.

Mlango wenu ni mzuri, Babu. Nilisimama nje muda mrefu kabla sijabisha, ukadhani nachelewa makusudi. Jua la asubuhi lilikuwa limezipiga zile njumu, nikaelewa kwa nini ulitaka watoto wazione. Mlango hauning'inizi mtu, utoboe upendavyo.

Nataka nikuambie jambo ambalo pale uwanjani sikuweza. Nilipokaa kwenye kile kiti, nilizitazama bolti za juu, kisha za chini, kisha tena za juu. Ofisini hesabu ikikosea unafuta kwa mpira. Pale nilikuwa nimeikalia, na Bibi yangu kanishika mkono, na watoto wa Mlandege wote wakingoja wanione nimekufa au nimerudi. Vijana waliposukuma mara ya kwanza nilihesabu upya kichwani, chuma inchi mbili, tundu moja, kinabaki inchi moja na nusu na ushei. Tulipopanda mara ya tatu niliacha kuhesabu. Mbele nilikuwa naona paa la soko, kisha mlima, kisha mbingu. Na Bibi akicheka vile! Sijapata kumsikia akicheka vile.

Nimemwambia Mzee Andendekisye kwamba nimepanda hesabu yangu mwenyewe. Aliweka kikombe chini. Akasema, “Mwanangu, miaka yote hii nachora mapaa, sijawahi kulala chini ya hata moja.” Kisha akanipa paa la ghala moja, vyuma vyake vya kuvutwa vyote nivikokotoe mimi. Chai sasa anajichemshia.

Nina maswali mawili, na usinijibu kwa mbuzi. Wezi gani, Babu? Mlandege nzima wanakuogopa. Na tulipokuwa tunapepea, nilikutazama kila tulipoteremka, wewe ulikuwa umefumba macho. Watu wanasema ulikuwa unaomba dua. Kama uliogopa, mbona ulinipandisha?

Mkeo mdogo,
Bibie


Mlandege, Iringa
16 Novemba 1974

Bibie,

Salamu. Mvua za kwanza zimenyesha, watu wako mashambani. Bibi yako mzima, anasimulia pembea kwa kila mgeni, na kila akisimulia inapanda juu zaidi. Mbuzi sikutaji.

Mihayo atakukabidhi kifurushi. Kifungue kabla hujaendelea kusoma.

Umeona? Ni kipande nilichokata kwenye chuma kile cha zamani. Njumu zimetoka, vizibo vya shaba vimetoka. Tazama matundu. Nilipoyatoboa yalikuwa ya mviringo, na mimi sitoboi tundu kombo. Sasa yako kama mayai.

Hakukuwa na wezi. Barua yako ya Julai niliitia mfukoni, nikaapa sitakujibu. Lakini maneno mawili yalikataa kutoka kichwani. Tundu halihami. Nikipiga nyundo nayasikia. Nikiwa kwenye sala nayasikia, Mungu anisamehe. Wiki ya kwanza ya Ramadhani, baada ya alasiri, watoto walipokuwa chuoni, nikapakia kiti magunia ya mchanga, nikakaa mwenyewe katikati ya magunia, nikawaambia vijana wangu wawili wasukume. Wakasukuma. Mwanzo ilikuwa raha. Kisha nikasikia juu ya kichwa changu kitu kinalia, tiki, tiki, tiki. Njumu zilikuwa zinacheza kwenye matundu yake. Zile zilizobana mpaka uzi haupiti! Chuma kilikuwa kinatanuka, na njumu zangu zimekaa tu ndani yake, nzima, zinang'aa, hazina habari. Kama mgeni, ulisema.

Nikateremka. Niliogopa, Bibie, sitaki kukuficha. Sikuogopa kuanguka. Niliona kiti kile kimejaa watoto wanane, mmoja analia, kama ulivyomchora. Siku ileile niling'oa njumu. Nilikaa wiki nzima natafuta namna ya kukuandikia, ikaja simu yako, karani akaisomea dunia, nikazua wezi.

Umeuliza mbona nilikupandisha. Kwa sababu vyuma vipya nilivipakia magunia yaleyale na kuyazidisha, nikakaa tena mimi mwenyewe, na matundu yakabaki ya mviringo. Nilizijua hesabu zako ni za kweli. Nilitaka nawe uzijue.

Na macho sikuyafumba kwa hofu, wala dua peke yake, ingawa nayo ilikuwamo. Chuma kikitanuka, macho ya mzee hayaoni, lakini masikio yameshaisikia sauti yake. Kwa hiyo nilifumba, nikasikiliza. Mlikwenda, mkarudi, mkaenda tena. Chuma hakikusema neno. Nilimsikia bibi yako tu, akicheka.

Mumeo,
Bushiri